Tiba fupi ya mazungumzo: utajuaje kwamba ndiyo iliyomponya mgonjwa?

Swali: Mimi ni muuguzi katika hospitali ya wilaya mkoani Morogoro, na ninasoma shahada ya uzamili. Kliniki yetu ya CTC, yaani ya tiba na matunzo kwa watu wanaoishi na VVU, inapokea watu wengi wenye sonona na wasiwasi uliopitiliza, lakini mwanasaikolojia hatuna. Nataka kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii watoe tiba ya mazungumzo ya vikao vitano, niwapime wagonjwa 40 kwa dodoso la PHQ-9, lenye maswali tisa ya kupima sonona, kabla na baada ya tiba, kisha nilinganishe alama. Msimamizi wangu anasema mpango huu hautoshi, ila hajanieleza vizuri kwa nini. Je, tiba fupi namna hii ina ushahidi wowote? Na utafiti wangu una kasoro gani?

Jibu: Ndugu muuguzi, tiba unayoikusudia ina ushahidi wa kutosha, na msimamizi wako yuko sahihi. Mambo hayo mawili hayapingani. La kwanza nitalieleza kwa kifupi, kwa sababu wengine wameshalifanyia kazi kubwa; la pili ndilo litakaloamua kama tasnifu yako itakuwa na maana kwa mtu mwingine zaidi ya watahini wako.

Tiba fupi ya mazungumzo ni vikao vichache, aghalabu vinne hadi vinane, vinavyoendeshwa kwa mwongozo ulioandikwa, kila kikao kikiwa na kazi yake, na mgonjwa akiondoka na jambo la kwenda kulifanya nyumbani kabla hamjaonana tena. Ni tofauti na kumpa mtu pole, na ni tofauti pia na ushauri nasaha wa dakika kumi unaotolewa dirishani wakati foleni imefika mlangoni. Mfano ulio karibu nasi ni ule ulioanzishwa mwaka 2006 na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, ambako wanawake watu wazima wa mtaani walifundishwa kuketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua matatizo yake hatua kwa hatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha kliniki 24 na watu 573. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa wale walioketi kwenye benchi, na asilimia 49.9 kwa wale waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Mwaka 2017 yakatoka matokeo ya Nairobi, ambako wahudumu wa afya ya jamii walitoa vikao vitano vya mpango wa Shirika la Afya Duniani uitwao PM+ katika jaribio lililohusisha wanawake 421, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili wa kijinsia, na waliopata tiba walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao. Mwaka huohuo, huko Goa nchini India, washauri wasio wataalamu walitoa vikao sita hadi vinane vya kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli alizoziacha, na nafuu iliyopatikana ilikuwa kubwa kuliko ya huduma ya kawaida. Hata Uingereza, yenye wanasaikolojia wengi, jaribio la watu 440 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba tiba ya namna hiyo ikitolewa na wafanyakazi wa ngazi ya chini haikuwa dhaifu kuliko tiba ya utambuzi na tabia, yaani ya kubadili fikra na mwenendo, inayotolewa na wataalamu waliobobea, na gharama yake ilikuwa ndogo zaidi.

Kwa hiyo swali la kama mtu asiye mwanasaikolojia anaweza kutoa tiba inayofaa limeshajibiwa kwa sehemu kubwa, na kwa maoni yangu hupaswi kupoteza sura nzima ya tasnifu ukilijibu upya. Swali lililo wazi ni la kwako hasa: je, tiba hii inawezekana katika CTC ya wilaya, kwa wahudumu mlio nao, na inaongeza nini juu ya yale ambayo wagonjwa wanayapata tayari?

Sasa nije kwenye kasoro. Ukipima watu 40 kabla na baada ya tiba, karibu kwa hakika utakuta alama zimeshuka. Nasema hivyo nikiwa sijauona mpango wako wa tiba, wala sijui wahudumu wako ni akina nani, na hapo ndipo lilipo tatizo: matokeo ambayo mtu anaweza kuyatabiri bila kuijua tiba hayawezi kuwa ushahidi wa tiba hiyo.

Tazama utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2003, ambamo vijiji 30 vya Masaka na Rakai vilihusishwa katika kupima tiba ya vikundi inayolenga mahusiano ya mtu na watu wake. Katika vijiji vilivyopata tiba, wenye sonona kali walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, jambo ambalo ndilo hunukuliwa na kila mtu. Kinachosahauliwa ni upande wa pili, yaani vijiji ambavyo havikupewa tiba hiyo. Huko walishuka kutoka asilimia 94 hadi 54.7, maana yake watu wanne katika kila kumi waliondoka kwenye sonona ndani ya muda uleule bila tiba ya watafiti. Kama ungeandikisha watu 40 katika vijiji hivyo vya pili, ukawapa maji ya kunywa kila Jumatano, ungeweza kuandika kwamba maji yanatibu sonona.

Sababu za kushuka huko ni kadhaa, na zote ziko katika kliniki yako. Kwanza, watu huja hospitali, au hukubali kuingia katika utafiti, wakati hali yao iko pabaya zaidi, na kwa kuwa sonona na wasiwasi hupanda na kushuka, anayepimwa akiwa kileleni atapimwa tena akiwa ameshuka. Wewe mwenyewe utaliongeza hilo ukiweka sharti, kama ilivyo kawaida, kwamba aingie tu mwenye alama 10 na kuendelea kwenye PHQ-9: baadhi ya watakaovuka mstari huo watakuwa wamevuka kwa sababu ya wiki mbaya, na wiki mbaya huisha. Pili, maisha hubadilika: ada ya mtoto hulipwa, mume hurudi, mvua hunyesha, dawa mpya huacha kumsumbua. Tatu, mgonjwa wa kwetu ana adabu. Muuguzi aliyempokea vizuri kwa wiki tano akimuuliza, "Mama, sasa unaendeleaje?", atajibiwa kwamba hajambo, na ni vigumu kumlaumu anayejibu hivyo.

Kuna mfano wa Tanzania ambao ningependa kila mwanafunzi wa fani hii aujue. Jaribio lililochapishwa mwaka 2020 liliwahusu watoto yatima 640 wa Bungoma nchini Kenya na Moshi, ambao baadhi yao walitibiwa na washauri wasio wataalamu kwa tiba ya vikundi inayolenga majeraha ya kisaikolojia. Mwishoni mwa tiba, waliotibiwa walikuwa wamepata nafuu kuliko wenzao katika maeneo matatu kati ya manne: Bungoma mjini, Bungoma vijijini na Moshi mjini. Moshi vijijini hapakuwa na tofauti, kwani watoto wa huduma ya kawaida nao walipata nafuu. Baada ya miezi 12, tofauti ya Kenya ilikuwa bado ipo, ilhali ile ya Moshi mjini ilikuwa imetoweka. Mtafiti ambaye angefanya kazi Moshi vijijini peke yake bila kundi la kulinganisha angetangaza ushindi, na pengine halmashauri ingetenga fedha kwa ajili yake.

Kundi linganishi, basi, ni la lazima endapo unataka kusema neno lolote kuhusu kama tiba inaponya, na ugawaji uwe wa bahati nasibu. Usigawe kwa siku za kliniki, kwa mfano wa Jumatatu tiba na wa Alhamisi huduma ya kawaida, kwa sababu wanaokuja siku tofauti hutoka maeneo tofauti, na baada ya wiki mbili muuguzi wa mapokezi atakuwa ameshajua ampangie nani siku ipi. Orodha ya bahati nasibu iandaliwe na mtu asiyewaona wagonjwa, kila jina la kundi liwe ndani ya bahasha isiyoonyesha kilichomo, yenye namba na iliyofungwa, na bahasha ifunguliwe baada ya mgonjwa kukubali na kupimwa. Nimeona utafiti mzuri ukiharibika kwa huruma tu: mhudumu alishika bahasha kwenye mwanga ili yule mama mwenye hali mbaya asikose tiba.

Kundi linganishi lipewe nini? Hapa watafiti hujidanganya sana. Ukiwaweka watu kwenye foleni ya kusubiri tiba, tofauti itaonekana kubwa kuliko ilivyo, kwa kuwa anayejua kwamba zamu yake inakuja hana sababu ya kuhangaika kujisaidia kwa sasa. Katika upande mwingine kuna jaribio la Kenya la Shamiri, mpango wa kuwasaidia vijana wenye sonona na wasiwasi, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wanafunzi 413 wa sekondari, ambamo kundi linganishi lilifundishwa mbinu za kusoma kwa muda uleule, katika vikundi vilevile, na vijana wa rika lilelile. Ukipata tofauti dhidi ya mshindani kama huyo, umepata kitu, kwa sababu si rahisi kusema kwamba kilichosaidia ni kule kusikilizwa tu. Kwa kazi yako nashauri njia ya kati: huduma ya kawaida iliyoboreshwa, yaani mgonjwa wa kundi linganishi aelezwe matokeo ya dodoso lake, apewe maelezo mafupi kuhusu sonona, na apewe rufaa kwa daktari pale inapohitajika. Ni haki kwake, na ni mshindani wa kweli, kwa kuwa huduma hiyo ndiyo ambayo hospitali yako ingeweza kuitoa kesho bila fedha za mtu.

Suala la idadi halina ujanja. Chukua kwamba alama za PHQ-9 za wagonjwa wako hutawanyika kwa kiasi cha takribani 5 kuuzunguka wastani, na kwamba tiba italeta tofauti ya alama 2 kati ya makundi, ambayo ni tofauti ya maana kwa tiba za aina hii. Ili uwe na uwezekano wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo, unahitaji takribani watu 98 kila kundi. Ukitarajia mmoja kati ya watano apotee njiani, wanakuwa 123 kila kundi, jumla 246. Ukiamua kugawa zahanati badala ya wagonjwa, hesabu inapanda tena, kwani wagonjwa wa zahanati moja hufanana. Zahanati yenye wagonjwa 20, pamoja na mfanano mdogo wa 0.05 baina yao (ambapo 0 ni kutofanana kabisa na 1 ni kufanana kabisa), inakaribia kukuzidishia idadi mara mbili. Watu 40 waliogawanywa 20 kwa 20 wanaweza kukuonyesha tofauti ya alama 4 na nusu hivi na kuendelea, na tiba inayofanya hivyo ni adimu. Usipoiona tofauti, hutajua kama tiba haifai au darubini yako ilikuwa ndogo.

Kwa bajeti ya mwanafunzi, ushauri wangu ni kubadilisha swali badala ya kuongeza watu. Fanya utafiti wa upembuzi yakinifu, yaani wa kuona kama jaribio lenyewe linawezekana, ukiwa na watu haohao 40 na ugawaji wa bahati nasibu, na uulize mambo ambayo watu 40 wanaweza kuyajibu. Kati ya waliokidhi vigezo, wangapi walikubali kugawanywa? Wangapi walihudhuria angalau vikao vinne kati ya vitano? Wangapi walipatikana kupimwa baada ya miezi mitatu, na simu za wangapi zilikuwa hazipatikani? Weka viwango kabla ya kuanza, kwa mfano kwamba pasipofikiwa asilimia 70 ya mahudhurio mpango ubadilishwe kwanza, na uripoti matokeo pamoja na upana wa mashaka yake: 30 waliobaki kati ya 40 ni asilimia 75, lakini ukweli unaweza kuwa popote kati ya asilimia 60 na 86. Alama za PHQ-9 zipime na uziripoti, ila usizijengee hitimisho kuhusu uponyaji. Utafiti wa namna hii huonekana mdogo mbele ya jopo la watahini, lakini jaribio kubwa lisilotanguliwa nao huishia njiani, likiwa na wahudumu walioacha kazi na wagonjwa wasiofuatiliwa.

Kuhusu dodoso lenyewe, PHQ-9 kwa Kiswahili limeshafanyiwa uthibitisho Kenya na Tanzania, kwa hiyo tafuta toleo lililothibitishwa badala ya kutafsiri lako usiku mmoja. Kumbuka tu kwamba lina maswali ya uchovu, usingizi na hamu ya kula, na kwa mtu anayeishi na VVU mambo hayo yanaweza kutokana na ugonjwa, njaa au dawa. Usiyaondoe maswali hayo, bali changanua pia alama za maswali ya hisia peke yake uone kama mwelekeo ni uleule, na uongeze kipimo cha utendaji wa kila siku, yaani kama mtu anaweza kupika, kwenda shamba, kufungua genge lake. Anayeuliza baada ya tiba asiwe wewe wala mhudumu aliyetibu, asijue mgonjwa alikuwa kundi lipi, na amwombe mgonjwa mwanzoni kabisa asimwambie. Wote waliogawanywa wahesabiwe katika kundi walilopangiwa, hata aliyehudhuria kikao kimoja akatoweka, maana anayebaki hadi kikao cha tano mara nyingi ni yule ambaye angepona vyovyote.

Jambo ambalo wanafunzi hulipuuza, nami nalipa uzito kuliko yote baada ya kundi linganishi, ni kama tiba iliyoandikwa ndiyo iliyotolewa. Chukua mama aliyekopa mikopo ya kausha damu, hana usingizi, haongei na dada yake, na ameanza kuruka siku za dawa. Katika tiba ya kutatua matatizo, mhudumu anapaswa kumwacha ayataje yote, kuyaandika, kisha kumuuliza ni lipi aanze nalo. Tuseme anachagua deni. Hatua inayofuata ni kutaja njia zote zinazomjia, hata zile asizozipenda, apime faida na hasara ya kila moja, achague moja, na waipunguze hadi iwe kitendo kinachoweza kufanyika kabla ya Jumatano ijayo: kwenda kwa mwenyekiti wa kikoba Jumapili jioni, akiwa na daftari la marejesho, kuomba apangiwe upya. Kikao kijacho kinaanza kwa kuuliza ilikuwaje. Ukimsikiliza mhudumu aliyefundishwa siku tatu akaachwa peke yake, utakachosikia ni kitu kingine: "Mama, vumilia, Mungu yupo, na hiyo mikopo acha kabisa." Ni maneno ya upendo, lakini hayamo katika mwongozo, na ukiyapima utakuwa umepima mahubiri. Kwa hiyo rekodi vikao kwa ridhaa ya mgonjwa, chagua baadhi kwa bahati nasibu, na mtu mwenye orodha ya hatua asikilize na kuweka alama: je, mgonjwa ndiye aliyechagua tatizo? Je, njia zaidi ya moja zilitajwa? Je, kazi ya nyumbani ilikuwa na siku na mahali? Wahudumu wakutane na msimamizi kila wiki kwa muda wote wa utafiti, na mwongozo usiutunge wewe, kwani ule wa PM+ unapatikana bila malipo na umeshajaribiwa. Rekodi hizo ni taarifa nyeti, kwa hiyo panga mapema zitahifadhiwaje na zitafutwa lini, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Swali la tisa la PHQ-9 linauliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilianzishe kama huna jibu la nini kitafanyika dakika hiyohiyo mtu akisema ndiyo. Andika utaratibu: nani anaitwa, nani anamuuliza zaidi kwa faragha, nani anabaki naye, gari linatoka wapi, na daktari gani hospitalini amekubali kumpokea. Utaratibu huo utumike kwa makundi yote mawili, na mwenye hatari ya wazi apelekwe kwenye matibabu badala ya kugawanywa. Liko pia suala la sheria, kwani Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na wagonjwa wengi wanalijua hilo kuliko tunavyodhani. Fomu ya ridhaa ieleze bayana kwamba atakayoyasema yatashughulikiwa kama suala la afya, na kamati ya maadili ikusaidie kuweka maneno ambayo utaweza kuyatimiza. Hali kadhalika, mtu mwenye dalili za kuchanganyikiwa, anayesikia sauti, au anayetumia pombe kiasi cha kushindwa kufuatilia kikao, anahitaji huduma nyingine tofauti na tiba hii.

Vibali unavijua: kamati ya maadili ya chuo au ya NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), kisha mkoa, halmashauri na Mganga Mkuu wa Wilaya. Nyongeza yangu ni moja tu, kwamba usajili utafiti wako katika daftari la majaribio la Afrika, PACTR, kabla ya mshiriki wa kwanza kuingia, ukitaja kipimo kikuu na siku kitakapopimwa. Ukishafanya hivyo hutaweza kubadilisha shabaha baada ya kuona mshale ulipotua, na majarida mengi hayatakukubalia bila usajili huo.

Mwisho ni jambo ambalo hukuliuliza, ila limejificha ndani ya swali lako. Wagonjwa unaotaka kuwachunguza ni wale ambao wewe ndiye unayewapa dawa za kila mwezi, na mtu anayetegemea mkono wako kwa dawa si rahisi kukukatalia utafiti. Ridhaa iombwe na mtu mwingine, ikiwezekana asiyevaa sare, mbali na dirisha la dawa, na mgonjwa aambiwe kabla ya lolote kwamba akikataa atachukua dawa zake leo na mwezi ujao kama kawaida. Idadi ya watakaokataa iandike katika matokeo yako. Ikiwa ni sifuri kati ya 40, rudi ukachunguze ridhaa hiyo iliombwaje.